Nyasi za Ufipa na Ndege Wanaohitaji Uwanja

Uwanda wa juu wa Ufipa, ulioinuka kati ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na Bonde la Rukwa upande wa mashariki, una sura ambayo msafiri atokaye Tunduma huitambua mara moja: miti hupungua, upepo huongezeka, na vilima vya nyasi hufuatana hadi macho yanapokoma, huku mji wa Sumbawanga ukiwa umejibanza chini ya milima ya Mbizi kwenye mwinuko wa takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Kwa muda mrefu sura hiyo imeelezwa kwa maneno ya upungufu, yaani nchi isiyo na miti, pori tupu, eneo linalosubiri kulimwa au kupandwa misitu, na maelezo hayo yamezoeleka hata miongoni mwa wanaopanga matumizi ya ardhi. Makala hii inahusu viumbe ambao kwao uwazi huo ndio makao yenyewe, yaani ndege wakubwa wa ardhini wanaotafuta wenzi kwa kujionyesha mahali pasipo na kizuizi cha macho, na inaeleza jinsi wanavyoishi, kinachowapunguza, na namna wanavyoweza kutunzwa katika nchi ambayo watu hulima, huchunga na huchoma nyasi kila mwaka.

Anayestahili kutangulia katika maelezo haya ni tandawala, jina linalojumuisha jamii ya ndege warefu wa miguu na shingo, watembeao kwa madaha na kuruka pale tu wanapolazimika. Vidole vyao ni vitatu, vyote vikielekea mbele, na kwa kuwa hawana kidole cha nyuma cha kushikia tawi, hawawezi kutua juu ya mti. Maisha yao yote, kuanzia yai hadi kifo, hupita ardhini au angani. Tandawala mkubwa wa Serengeti, ambaye dume lake huweza kufikia kilo 18 au zaidi, anajulikana kwa watalii wengi, lakini katika nyasi za miinuko ya kusini mwa Tanzania anayehusika zaidi ni tandawala wa Denham, aliyepewa jina la Dixon Denham, Mwingereza aliyesafiri katika nchi za Ziwa Chad miaka ya 1820. Huyu ni ndege mwenye kisogo na shingo ya nyuma yenye rangi ya kutu, kichwa chenye mistari myeusi na myeupe, na mabawa yenye mabaka ya rangi hizohizo, na dume lake huweza kuwa na uzito mara mbili ya jike au hata zaidi. Ameenea kwa vipande kuanzia Afrika Magharibi hadi Ethiopia, kisha Afrika Mashariki na ya Kati, na tena Afrika Kusini, lakini idadi yake inapungua, na katika orodha ya kimataifa ya IUCN amewekwa katika kundi la viumbe walio karibu na kuingia hatarini.

Tofauti hiyo ya uzito kati ya dume na jike ina chanzo chake katika namna ndege huyu anavyopata mwenzi. Madume hawajengi kiota, hawalishi vifaranga wala hawana mke wa kudumu; kazi yao katika uzazi ni kujionyesha, na kwa ajili hiyo kila dume hushika mahali pake pa wazi, mara nyingi penye mwinuko kidogo, ambapo hujaza hewa kooni hadi manyoya meupe ya shingo na kifua yakatuna kama puto, kichwa kikarudishwa nyuma na mkia ukainuliwa, kisha hutembea polepole huku na huku ili weupe huo uonekane kutoka mbali. Wataalamu huita mkusanyiko wa madume wanaojionyesha namna hii leki, neno ambalo linaweza kuelezwa kwa Kiswahili kuwa uwanja wa kutamba: mahali ambapo madume hukutana kushindana mbele ya majike, na ambapo jike huja kuchagua, hupandwa, kisha huondoka kwenda kutaga peke yake. Leki ya tandawala ni ya kutawanyika, kwa maana kwamba dume mmoja huweza kuwa mbali na mwenzake kwa mamia ya mita au zaidi, na kwa hiyo uwanja wao mmoja huweza kuchukua eneo kubwa ambalo mtu apitaye kwa miguu asingelidhania kuwa ni mahali pamoja. Hapa ndipo ugumu wa kumhifadhi unapoanzia, kwa sababu kinachohitajika ni nafasi pana yenye nyasi fupi na upeo usiozibwa, na nafasi ya namna hiyo haina alama yoyote inayomzuia mwenye jembe.

Ndege aliyechunguzwa kuliko wote kwa tabia hii yuko mbali sana na Rukwa, katika nyanda kavu za magharibi ya Marekani na sehemu ndogo ya Kanada. Huyo ni ndege wa jamii pana ya kuku na kwale, ambaye kwa Kiswahili anaweza kuitwa kwale wa pakanga, kwa kuwa maisha yake yamefungwa na kichaka cha kijivu chenye harufu kali kilicho cha ukoo mmoja na pakanga inayojulikana kwa dawa za asili Afrika Mashariki. Majani ya kichaka hicho, ambayo wanyama wengi huyaepuka kwa ukali wake, ndiyo karibu chakula chake chote wakati wa baridi kali. Chini ya kichaka hicho hicho jike huficha kiota. Na katika sehemu zilizo wazi kati ya vichaka madume hukusanyika alfajiri za majira ya kuchipua, wakipanua mikia yenye ncha kama miale na kutunisha vifuko viwili vya manjano vya hewa kifuani. Madume wachache tu katika uwanja hupata sehemu kubwa ya majike, na ndege hurudi kwenye uwanja uleule mwaka baada ya mwaka, hata baada ya ardhi inayouzunguka kuharibika.

Urudiaji huo ndio uliowapa wanasayansi kipimo. Kwa kuwa ndege waliotawanyika vichakani hawahesabiki lakini madume walio uwanjani huonekana, wahifadhi wa Marekani wamekuwa wakiwahesabu kila mwaka kwa miongo mingi, na hesabu hizo zilipokusanywa pamoja mwaka 2021 na shirika la serikali la utafiti wa kijiolojia la nchi hiyo zilionyesha kuwa kwale wa pakanga wamepungua kwa takriban asilimia 80 tangu mwaka 1965. Sababu zake hazikuwa bunduki pekee: mashamba yalikata vichaka, visima vya mafuta na gesi vilileta barabara na kelele, na nyasi ngeni za mwaka mmoja zilileta moto unaorudi upesi kuliko vichaka vinavyoweza kuota tena. Ni vigumu kusoma orodha hiyo bila kuifikiria Ufipa, ingawa mimea na majina ni tofauti.

Afrika Mashariki nayo ina mchango wake mkubwa katika kueleza kwa nini majike huchagua kama wanavyochagua. Katika uwanda wa Kinangop nchini Kenya mtafiti wa Sweden, Malte Andersson, aliwakata mikia baadhi ya madume wa kweche mwenye mkia mrefu na kuwaunganishia wengine vipande hivyo kwa gundi, na matokeo aliyoyachapisha mwaka 1982 yalionyesha kuwa madume waliorefushwa mkia walipata majike wengi zaidi katika maeneo yao. Kweche mwingine wa miinuko ya Kenya na kaskazini mwa Tanzania, anayeitwa kweche wa Jackson, hukanyaga nyasi hadi zikawa duara lenye kishungi katikati, kisha hurukaruka hapo ili aonekane juu ya nyasi. Ndege hawa wote, wa gramu chache au wa kilo nyingi, wanaunganishwa na hitaji moja: urefu wa nyasi ni sehemu ya uzazi wao, na anayeubadilisha urefu huo kwa moto, kwa ng'ombe au kwa trekta anaingilia ndoa yao.

Baada ya uwanja, mzigo wote ni wa jike. Tandawala hutaga yai moja au mawili juu ya ardhi tupu, bila kiota, na huatamia akitegemea rangi yake ifanane na nyasi zilizokauka. Kwa hiyo huhitaji mahali tofauti na pale pa madume, yaani nyasi ndefu kiasi za kumficha alalapo lakini zisizomzuia kuona adui anapoinua shingo. Vifaranga hutembea mapema na hulishwa wadudu, hasa panzi, kumbikumbi na mende, kwa sababu kifaranga anayekua hujengwa na protini na si mbegu. Ndege mkubwa anayeishi miaka mingi na kutaga mayai machache hivyo hawezi kufidia haraka vifo vya wakubwa, na katika hili anatofautiana na kwale, ambaye hutaga mayai mengi zaidi kwa msimu na ambaye idadi yake huweza kustahimili uwindaji wa kiasi kama makao yake ni mazima. Kanuni moja ya uwindaji kwa ndege wote wa ardhini, kwa hiyo, ni kanuni mbovu: kinachomfaa kwale humwangamiza tandawala.

Suala la wadudu lina uzito wa pekee hapa, kwa sababu Bonde la Rukwa, lililo chini ya mteremko mkali wa mashariki wa Ufipa, ni mojawapo ya maeneo yanayojulikana tangu zamani kuwa chimbuko la nzige wekundu. Mwaka 1949 huduma ya kimataifa ya kudhibiti nzige hao ilianzishwa, ikiwa na makao yake Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala, ng'ambo ya mpaka wa Zambia, na kazi hiyo inaendelezwa leo na shirika la nchi za Afrika ya Kati na Kusini lenye makao Ndola. Tandawala ni mlaji mkubwa wa panzi na nzige, na hivyo sumu inayopulizwa kuwaua nzige humpata mara mbili, kwanza kwa kumwondolea chakula na pili kwa kumlisha wadudu wenye sumu. Ndiyo maana kampeni ya mwaka 2009, iliyosimamiwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa katika tambarare za Ziwa Rukwa, eneo la Iku huko Katavi na bonde la Malagarasi, ina umuhimu kwa ndege kama ilivyo kwa wakulima: katika kampeni hiyo ilitumika dawa iliyotengenezwa kwa kuvu, yaani viumbe vya jamii ya ukungu na uyoga, ambayo huwaua nzige na panzi pasipo kuwadhuru ndege wanaowala.

Nyasi za Ufipa zenyewe si zao la tabianchi peke yake. Wafipa walikuwa wafua chuma mashuhuri, na tanuri zao ndefu za kuyeyushia madini, zinazoitwa malungu, ambazo mabaki yake bado yanaonekana, zilitumia makaa ya miti kwa vizazi vingi hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Moto wa kiangazi, uwindaji na kilimo viliendeleza kazi hiyo, hata msitu ukabaki kwa sehemu kubwa katika milima ya Mbizi, ambako mbega wekundu wanaendelea kuishi. Mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyefanya utafiti Ufipa katika miaka ya 1960, na wengine baada yake, wameeleza jinsi Wafipa walivyobuni kilimo kinachoendana na nchi isiyo na miti: kinyume na Wabemba wa Zambia, ambao katika mfumo wa chitemene hukata matawi na kuyachoma ili majivu yarutubishe shamba, Mfipa alikata nyasi pamoja na udongo wa juu kwa jembe mwishoni mwa mvua, akavirundika kuwa matuta ya mviringo yaitwayo intumba, nyasi zikiwa zimefukiwa ndani zioze, akapanda maharage juu yake, na msimu uliofuata akayatawanya matuta hayo na kusia ulezi. Baada ya misimu kadhaa shamba liliachwa lipumzike na kurudi kuwa nyasi.

Kwa mtazamo wa ndege, mfumo huo ulikuwa na neema ambayo haikukusudiwa na mtu yeyote. Kwa kuwa mbolea ya intumba ilikuwa nyasi yenyewe, mkulima alilazimika kuziacha nyasi ziote ili apate cha kufukia, na matokeo yake nchi ilikuwa na viraka vya kila umri: shamba la mwaka huu, mabua ya ulezi ya mwaka jana, nyasi changa za miaka miwili, na nyasi ndefu za zamani. Dume wa tandawala angeweza kutamba katika kiraka kifupi, jike akataga katika kile kirefu, na vifaranga wakala panzi mpakani mwa vyote viwili. Nchini Afrika Kusini, katika Rasi ya Magharibi, tandawala hao hao wameonekana wakitumia mashamba ya nafaka na malisho yaliyochanganyika na uoto wa asili, jambo linaloonyesha kuwa adui wa ndege huyu si kilimo kwa jumla bali ni kilimo kisichoacha nafasi.

Kilimo cha namna hiyo ndicho kilichoongezeka. Katika miaka ya 1970 serikali ilipoweka bei moja ya mahindi kwa nchi nzima na kufidia gharama za mbolea, mikoa ya mbali ya nyanda za juu za kusini ilipata sababu ya kulima mahindi kwa wingi, na Rukwa ikawa miongoni mwa maghala ya taifa. Mbolea ya chumvichumvi iliondoa ulazima wa kusubiri nyasi, plau za kukokotwa na ng'ombe ziliongeza ukubwa wa mashamba, na wafugaji waliotoka Usukuma waliongeza idadi ya mifugo hasa katika bonde. Haitakuwa haki kuwalaumu wakulima waliojitoa katika njaa na kulisha miji, wala wafugaji, kwa sababu ng'ombe wakichungwa kwa kiasi huziweka nyasi katika urefu unaompendeza tandawala. Lakini mahindi yanapokutana na mahindi pande zote, na kilima kilichobaki kinapopandwa mikaratusi au misindano kwa imani kwamba mti wowote ni uhifadhi, ndege asiyeweza kutua mtini hupoteza pa kukaa. Kupanda miti mahali palipokuwa na msitu ni kurudisha. Kupanda miti juu ya uwanja wa kutamba ni kufukuza, na tofauti hiyo haijapewa uzito unaostahili.

Moto unahitaji maelezo ya pekee, kwa kuwa ndio chombo cha usimamizi kilicho mikononi mwa kila mtu, hata mtoto mchungaji mwenye kiberiti. Nyasi za miinuko zisipochomwa wala kuliwa kwa miaka mingi hujaa makapi na vichaka, na ndege wa nyasi fupi huzihama. Zikichomwa kila mwaka zote kwa pamoja, hakuna mahali pa kujificha wala pa kutaga. Kinachoamua ni majira na mpangilio. Moto wa mapema, unaowashwa mwezi Mei au Juni nyasi zikiwa bado na unyevu, huwaka kwa upole na kuacha viraka, ilhali moto wa Septemba na Oktoba, wakati upepo ni mkali na nyasi ni kavu kabisa, hufagia mlima mzima, na huja karibu na msimu ambao ndege wengi wanaotaga ardhini hujiandaa kupokea wadudu wa mvua za kwanza. Kijiji kinachogawa malisho yake katika sehemu tatu au nne na kuchoma mapema sehemu moja kila mwaka kinapata malisho mapya kwa ng'ombe, kinga ya mashamba dhidi ya moto wa baadaye, na makao ya ndege, vyote kwa kiberiti kilekile.

Hatari mpya zaidi inatoka angani. Njia ya umeme wa kilovolti 400 inayokusudiwa kuiunganisha gridi ya Tanzania na ya Zambia inatoka Iringa kupitia Mbeya hadi Tunduma, na tawi lake linaelekea Sumbawanga, mji ambao kwa miaka mingi ulitegemea umeme wa kununua kutoka Zambia. Hakuna anayeweza kuwanyima watu wa Rukwa umeme huo. Hata hivyo utafiti wa Graham Martin na Jessica Shaw, uliochapishwa mwaka 2010, ulionyesha kuwa macho ya tandawala yamewekwa kwa namna ambayo ndege huyu akiinamisha kichwa kutazama ardhi wakati anaruka, hubaki kipofu upande wa mbele anakokwenda, na hivyo hugonga waya ambao ndege wengine wangeuona. Jaribio kubwa lililofanywa katika nyanda za Karoo, Afrika Kusini, na kuchapishwa mwaka 2021, lilithibitisha ubaya wa jambo hilo: vifaa vinavyofungwa kwenye nyaya ili zionekane vilipunguza vifo vya korongo wa buluu lakini havikuwasaidia tandawala. Maana yake ni kwamba kwa ndege huyu kinga halisi ni kuchagua njia ya nyaya kabla ya nguzo kusimikwa, na uchaguzi huo hauwezekani pasipo kujua viwanja vyao viko wapi.

Jimbo la Wyoming, lenye kwale wa pakanga wengi kuliko jimbo lingine lolote la Marekani, lilifuata wazo hilo mwaka 2008 lilipochora ramani ya maeneo yenye viwanja vingi na kuagiza kuwa ndani ya maeneo hayo uharibifu wa ardhi usizidi asilimia 5, huku shughuli za mafuta zikielekezwa kwingine. Ubora wa mpango huo upo katika kukubali kwamba ardhi itatumika, kisha kuamua mapema itumike wapi. Tanzania ina mfano wake wa namna nyingine: mwaka 2005 uwanda wa Kitulo, nyasi za miinuko zilizokuwa zimeguswa na ufugaji wa kisasa na kilimo, ulitangazwa kuwa hifadhi ya taifa yenye takriban kilomita za mraba 413, kwa ajili ya maua yake hasa, na pamoja na maua tandawala wa Denham na mbayuwayu wa buluu walipata mahali penye ulinzi wa kisheria. Ufipa haiwezi kuwa Kitulo, kwa kuwa watu wake ni wengi na mashamba yao yamekwisha kuenea, na njia inayoifaa ni ile ya vijiji.

Njia hiyo ipo katika sheria. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inalipa baraza la kijiji mamlaka ya kusimamia ardhi ya kijiji, na sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya mwaka 2007 inakiwezesha kijiji kuitenga kwa makazi, kilimo, malisho na hifadhi. Lakini Sheria ya Ardhi ya mwaka huohuo wa 1999, katika kufafanua ardhi ya jumla, inataja pia ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika, na maneno hayo ndiyo yanayoziweka nyasi hatarini, kwa sababu uwanja ambao tandawala huutumia majira machache kwa mwaka, na ng'ombe majira mengine, huonekana kwa mgeni mwenye ramani kama mahali pasipo na matumizi. Kijiji kinachoandika kilima chake kuwa malisho ya pamoja, chenye ratiba ya moto na marufuku ya kulimwa, kinakitoa kilima hicho katika fasili hiyo.

Hesabu ya ndege haina gharama za kutisha. Watu wawili wenye darubini ya mkononi, wakisimama alfajiri kwenye mwinuko uleule, katika wiki zilezile kila mwaka, na kuandika idadi ya madume waliotunisha shingo na mahali kila mmoja alipokuwa, hupata baada ya miaka mitano takwimu ambazo Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania inaweza kuzilinganisha na za Kitulo, na ambazo mpangaji wa njia ya umeme au ya barabara anaweza kuzisoma. Mwalimu wa sekondari ya kata pamoja na wanafunzi wake, au mchungaji anayekijua kilima kuliko mtu mwingine yeyote, wanatosha kwa kazi hiyo, alimradi waianze kabla vigingi vya mpimaji havijafika.